Ziwa ni la Mungu, Ndoo ni Yetu

Tafakari ya Dominika ya 3 ya Kwaresima, Mwaka A
Masomo: Kut 17:3-7, Zab 95, Rum 5:1-2, 5-8, Yn 4:5-42



Injili ya Dominika hii, ya Yesu na mwanamke Msamaria kisimani, ni ndefu, na wengi wetu masikio huamka inapofika kwa wale waume watano wa mwanamke huyo. Hapo kanisa zima hutulia. Lakini kabla ya kufika huko lipo jambo dogo ambalo yule mama Msamaria aliliona mara moja, nasi tunalipita kila tunapolisoma: mgeni aliyeketi kisimani saa sita mchana, amechoka na safari, ana kiu, na hana chombo cha kutekea. Kisima ni kirefu. Maji yako chini, yeye yuko juu na mikono mitupu. Mama akamwambia hivyo bila kumung'unya maneno.

Wiki hii naomba tukae hapo kidogo. Yule ambaye kwa yeye bahari, mito na chemchemi viliumbwa, ameketi kando ya maji akimngoja mtu mwenye mtungi. Tena si mara ya kwanza. Kule Kana ya Galilaya alipotaka kuwapa watu divai, aliwaamuru watumishi wayajaze yale mabalasi sita ya mawe, nao wakayajaza mpaka juu. Muujiza ulikuwa wake. Kuchota na kubeba ilikuwa kazi yao. Hata katika somo la kwanza, maji ya mwambani yalikuwa ya Mungu, lakini alitaka fimbo iliyo mkononi mwa Musa, na Musa atembee mpaka pale penye mwamba.

Sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Tanganyika tuna sababu ya pekee ya kulisikiliza neno hili. Wengine huhubiriwa habari za maji wakiwa wamezungukwa na vumbi. Sisi tunahubiriwa tukiwa tumezungukwa na maji.

Tulichopewa

Ziwa letu lina urefu wa kilomita 670 hivi, kutoka Burundi kaskazini hadi Zambia kusini, na upana wa wastani wa kilomita 50. Kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolizidi. Ukiacha barafu, karibu sehemu moja kati ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia imo humu. Limekuwapo kwa mamilioni ya miaka, tangu Bonde la Ufa lilipopasuka, na kwa kuwa ni la kale mno, limelea aina zaidi ya 200 za samaki ambazo hazipatikani mahali pengine popote. Siku ya utulivu, ukiwa kwenye mtumbwi, unayaona mawe chini kana kwamba hakuna maji katikati yenu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyelichimba. Hakuna kabila, serikali wala dini inayoweza kusema ililileta. Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zimelikuta, zikachora mipaka juu yake, na dagaa wanaivuka mipaka hiyo kila usiku bila kuulizwa hati. Mtakatifu Paulo katika somo la pili anatukumbusha kwamba upendo wa Mungu ulimiminwa kwetu tungali wenye dhambi, kabla hatujastahili na kabla hatujaomba. Ziwa nalo ni hivyo. Lilitutangulia.

Mtu wa mbali angedhani kwamba mkoa kama wetu wa Kigoma, wenye maji kiasi hiki, haujui kiu. Wenyewe tunajua kuwa si kweli, na wenye kumbukumbu wanakijua kijiji kilichotufundisha jambo hili kwa uchungu.

Kagunga, Mei 2015

Kagunga ni kijiji cha wavuvi karibu kabisa na mpaka wa Burundi, kimebanwa kati ya mlima na ziwa. Machafuko ya kisiasa yalipozuka Burundi mwaka 2015, makumi ya maelfu ya watu walivuka na kujikusanya hapo. Barabara ya gari haikuwapo. Kutoka ilikuwa ama kwa miguu kuupanda mlima, ama kwa boti. Watu walilala ufukweni wamebanana, na vyoo havikutosha hata kidogo. Maji ya kunywa yalitekwa palepale watu walipooga na kufulia, palepale mvua ilipokuwa ikisombea uchafu wa watu. Kipindupindu kikaingia. Ndani ya wiki chache wagonjwa walihesabiwa kwa maelfu, na watu wapatao 30 walifariki, wengi wao wakimbizi, Watanzania wakiwamo.

Kipindupindu humuua mtu kwa kumkausha. Maji ya mwili yanatoka kwa kuhara na kutapika mpaka macho yanaingia ndani na ngozi ukiivuta hairudi. Kwa hiyo pale Kagunga watu walikufa kwa kukaukiwa maji mwilini, hatua chache kutoka kwenye ziwa la pili kwa kina duniani, wakilisikia linavyopiga ufukwe.

Ndugu zangu, zawadi ya Mungu ilikuwapo pale kwa ukamilifu wake. Haikupungua hata lita moja. Kilichokosekana ni vile vinavyopita mikononi mwa watu: choo kilichochimbwa mbali na maji, dawa ya kutibu maji, ndoo yenye mfuniko, sabuni, na mtu wa kumpa mgonjwa chumvichumvi za ORS kijiko kwa kijiko usiku kucha. Vilipofika, vifo vilipungua. Vilibebwa na watu: wauguzi, madereva wa boti, wafanyakazi wa mashirika, na wenyeji wa Kagunga ambao nao walikuwa hatarini.

Mwezi uleule, tarehe 24 Mei 2015, Sikukuu ya Pentekoste, Papa Fransisko alitia sahihi waraka wake wa Laudato Si'. Humo anafundisha kwamba kupata maji safi na salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu, kwa sababu uhai wenyewe unayategemea, na kwamba dunia inayowanyima maskini maji hayo ina deni kubwa kwao. Sijui kama habari za Kagunga zilimfikia. Lakini sisi wa huku tukiusoma waraka ule hatuna haja ya kutafutiwa mifano.

Chuma kilekile, maji yaleyale

Wengi wa wale wakimbizi waliletwa Kigoma mjini kwa meli ya Liemba, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Ni vema vijana wetu wakaijua historia ya meli hiyo. Wajerumani waliiunda mwaka 1913 kwao Papenburg, wakaifungua vipandevipande, wakaisafirisha kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Iliitwa Graf von Götzen, na kazi yake ilikuwa vita. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kusafirisha abiria na mizigo kwa jina tunalolijua leo. Miaka 100 baada ya kushushwa majini kwa ajili ya kuua, ilikuwa imebeba akina mama wa Kirundi na watoto wao wagonjwa.

Kabla ya meli hiyo, majahazi na mitumbwi ilibeba watumwa kutoka ng'ambo ya Kongo mpaka Ujiji, ili kutoka hapo waanze kutembea kwenda pwani. Ziwa halikuwakataa wale wafanyabiashara. Halikuikataa meli ya vita, wala halikuwakataa wakimbizi. Maji hubeba kile tunachokipakia. Basi mtu asiseme kwamba Mungu alituonea kwa yaliyopita juu ya maji haya, na asijisifu kwamba jiografia imetufanya wema. Mungu alitupa ziwa. Uchaguzi wa shehena ni wetu.

Yule mama Msamaria alilijua jambo hili vizuri. Kisima cha Yakobo kilikuwa urithi wa babu mmoja, lakini Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawachangii vyombo. Maji yalikuwa yaleyale. Ugomvi ulikuwa kwenye mtungi. Ndiyo maana alishangaa Myahudi anamwomba maji. Kwa ombi lile Yesu alikubali kuweka midomo yake kwenye chombo ambacho watu wa kwao walikiona najisi. Kabla hajamwambia lolote kuhusu maisha yake, alikuwa ameshavunja mpaka kwa kuomba tu.

Nawauliza, hasa sisi ambao mkoa wetu una kambi ya wakimbizi: yuko mtu tunayeona afadhali tufe na kiu kuliko kunywa naye kwenye kikombe kimoja? Kwaresima ni wakati wa kulijibu swali hilo kwa jina la mtu, wala si kwa jumla.

Safari ya ndoo moja

Nenda mwaloni alfajiri, Kibirizi au Katonga, ukatazame. Mitumbwi imerudi, taa zimezimwa, dagaa wanashushwa. Akina mama wanapatana bei kwa beseni, wengine wameshaanza kuanika kwenye vichanja. Pembeni kijana anaosha pikipiki yake ndani ya maji mpaka usawa wa ekseli, na povu la sabuni linatambaa. Mwingine anapasua migebuka na matumbo anayatupa hapohapo. Katikati yao anakuja binti na ndoo ya lita 20. Anakunja kitenge, anaingia mpaka magotini, analisukuma povu kwa kiganja kushoto na kulia, kisha anaizamisha ndoo haraka kabla povu halijarudi. Anajitwisha na kuupanda mlima.

Yale maji yakifika nyumbani yanang'aa. Ukiyaweka kwenye glasi huoni kitu. Hapo ndipo penye hatari, maana vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho, na sifa ya uangavu wa ziwa letu ndiyo inayotufanya tusichemshe. Nimesikia watu wazima kabisa wakisema maji ya Tanganyika hayana haja ya dawa, wamekunywa tangu utoto. Waliokunywa tangu utoto na wakafa utotoni hawapo hapa kutoa ushahidi wao.

Kutoka kwenye ile ndoo mpaka kwenye kikombe cha bibi aliyelala kitandani pana kazi nyingi. Maji yachemke hasa, yatokote, na mkaa una bei. Au yatiwe dawa kwa kipimo na yaachwe kwa muda uliotajwa, na dawa nayo haipatikani kila duka. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko. Yachotwe kwa kata yenye mpini au yafunguliwe kwa koki, asije mtu akazamisha kikombe na vidole vilivyotoka chooni. Kila hatua inataka mtu mwaminifu. Ikilegea moja, kazi yote ya yule binti imepotea, na huenda bibi asiione Pasaka.

Hebu tutazame pia ni nani anayebeba. Katika Injili mwenye mtungi ni mwanamke, na miaka 2000 baadaye, huku kwetu, bado ni mwanamke, mara nyingi ni binti aliyechelewa shule. Baba anayeogea ndoo nzima bila kujua imetoka wapi, na kaka anayeona haya kujitwisha kwa kuwa watu watamcheka, wasome tena kwamba Bwana aliomba maji kwa adabu kutoka kwa aliyeyabeba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wanaume wa parokia hii wakianza kuinama mwaloni, hakuna heshima itakayopungua.

Wazee walioitwa mwambani

Waisraeli kule Refidimu walimnung'unikia Musa kwa sababu ya kiu. Tumezoea kuwasuta kwa hilo. Mimi sioni dhambi ya mtu aliyekaukiwa koo, mwenye watoto na mifugo, akimwambia kiongozi wake kwamba hakuna maji. Dhambi yao ilikuwa kufika mahali pa kutilia shaka kama Bwana yupo kati yao. Na tazameni Mungu alivyojibu: alimwamuru Musa apite mbele ya watu akiwa amefuatana na baadhi ya wazee wa Israeli. Wazee waliletwa waone maji yanatoka wapi. Kiu ya wananchi ikawa shughuli ya viongozi mbele ya macho ya wote.

Nchini kwetu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na ikavipa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii kazi ya kuendesha miradi ya vijijini. Maana yake ni kwamba anayeshika hela ya bomba ni jirani yako, pengine ni mwanajumuiya mwenzako, pengine anaimba kwaya. Mama analipa kwa kila ndoo. Hela hiyo ni ya umeme au mafuta ya pampu, ya koki iliyokufa, ya fundi. Ikiliwa, pampu inasimama. Pampu ikisimama, binti anarudi kwenye povu. Mweka hazina wa mradi wa maji anayekuja kuungama wizi wa hela ile, aelewe kwamba malipizi yake hayatakuwa Baba Yetu tatu. Atairudisha.

Ziwa lenye mlango mmoja

Kuna jambo la maumbile ya ziwa hili ambalo kila anayelitegemea anapaswa kulijua. Mito mingi inaingia, Malagarasi na Rusizi ikiwa mikubwa, lakini unaotoka ni mmoja tu: Lukuga, pale Kalemie upande wa Kongo, unaopeleka maji hadi mto Kongo. Sehemu kubwa ya maji yanayoondoka huondoka kama mvuke. Mvuke ukipanda, uchafu unabaki. Ziwa letu ni nyumba yenye mlango mmoja mwembamba: taka usizozitoa utalala nazo, na watoto wako watalala nazo. Mifuko ya plastiki, mafuta ya injini, maji machafu ya mji na udongo unaosombwa kutoka vilima tulivyovifyeka, vyote hivyo vikishaingia vimekuja kukaa.

Tena utajiri wa ziwa hauko kina chote. Oksijeni inaishia kati ya mita 100 na 200 hivi kutoka juu. Chini ya hapo kuna kilomita na zaidi ya maji ambamo samaki hawezi kuishi. Chakula tunachokula kinatoka katika tabaka hilo jembamba la juu. Rutuba iliyolala chini hupanda pale upepo wa kusini unapovuma, kuanzia Mei hadi Septemba, ukiyasukuma maji ya juu na kuyavuta ya chini. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba joto la maji ya juu limekuwa likiongezeka, na maji ya juu yakiwa moto zaidi hayachanganyiki kwa urahisi na ya chini. Chakula cha dagaa kinapungua, na nyavu zetu zinaongezeka.

Wazee wetu wavuvi walikuwa na pumziko ambalo hawakulitungia sheria. Dagaa huvutwa kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mwezi mpevu. Kwa hiyo kila mbalamwezi mitumbwi ilipandishwa mchangani, nyavu zikashonwa, watu wakalala na wake zao, na samaki wakapata nafasi. Siku hizi nyavu ni nyingi, macho yake ni madogo, taa ni kali, na pumziko hilo peke yake halitoshi.

Ndiyo maana nchi nne zilizotia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa hili, Dar es Salaam mwaka 2003, zimekuwa zikizungumzia kulipumzisha. Mwaka 2024 serikali yetu ilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu ni mirefu kwa mtu anayekula kwa mgao wa jana usiku. Mwenye mitumbwi mitano alikuwa na akiba. Kijana wa kuvuta nyavu hakuwa nayo, wala mama wa kichanja, ambaye ada, mafuta na kodi ya chumba vyote hutoka kwenye beseni la dagaa. Nimewasikia, na sitaki kuwahubiria njaa.

Lakini Maandiko yana neno kwa pande zote mbili. Katika Walawi 25 Mungu aliamuru kwamba kila mwaka wa saba ardhi ipumzike, maana ardhi ni yake na sisi ni wapangaji. Anayelipumzisha ziwa anatii jambo la kale sana. Na katika Kutoka 23 agizo hilohilo limetolewa pamoja na sababu: maskini wapate kula kutokana na shamba lililopumzishwa. Pumziko la Mungu halikuwahi kuwa mzigo wa maskini peke yao. Kwa hiyo wakati wa kufunga ziwa ukifika, anayevua kwa siri usiku anawaibia watoto wake, na tajiri anayetii sheria huku vibarua wake wanalala njaa ametii nusu. Chama cha kukopeshana kilichoanzishwa Januari kinaweza kumvusha mtu mwezi Juni. Jumuiya zinazolima bustani pamoja zinaweza kuwa na mboga za kugawa. Hayo ni mambo tunayoyaweza.

Kiu ambayo Injili haikuimaliza

Mtakatifu Yohane anatuambia kwamba Yesu aliomba maji. Anatueleza mazungumzo yote, mpaka mama anauacha mtungi na kukimbilia mjini kuwaita watu. Hatuambii kama Yesu alikunywa. Sura kumi na tano mbele, msalabani, mwinjili huyohuyo anatuonyesha Bwana akiwa na kiu tena, na anapewa siki kwenye sifongo.

Kanisa limelitazama jambo hili tangu kale na kusema kwamba kiu ya Kristo ni kwa ajili yetu, ya imani yetu. Ni kweli. Lakini Bwana mwenyewe, katika Mathayo 25, aliiweka kiu ya koo miongoni mwa mambo tutakayoulizwa siku ya mwisho, na katika Mathayo 10 aliahidi kwamba kikombe cha maji baridi akipewa mmoja wa wadogo hakitakosa thawabu yake. Basi kiu aliyoibeba mwilini pale kisimani bado anayo, katika mgonjwa wa Kagunga, katika mfungwa wa mahabusu, katika mwanafunzi anayekunywa bombani kwa kiganja kwa kuwa shule haina kikombe.

Katika Misa, wakati wa kuandaa vipaji, padre hutia matone machache ya maji ndani ya divai. Ni machache mno, huwezi kuyatenganisha tena. Ndiyo sehemu yetu katika sadaka ya Kristo: ndogo, lakini Kanisa halikubali iachwe. Wakatekumeni wetu, ambao kuanzia Dominika hii wanaingia katika hatua za mwisho za maandalizi, watabatizwa Mkesha wa Pasaka kwa maji yatakayobarikiwa usiku huohuo. Maji hayo yatatoka kulekule yanakotoka yote, na atayabeba mtu. Ningependa safari hii wayabebe wanaume.

Ya kufanya wiki hii

Katika mikutano ya jumuiya ndogondogo wiki hii, badala ya mazungumzo ya jumla kuhusu mazingira, tuyashughulikie mambo matatu.

La kwanza, kila jumuiya iwataje wazee na wagonjwa wa eneo lake wanaoishi peke yao, na ipange zamu ya kuwapelekea maji yaliyotibiwa mpaka Pasaka. Zamu hiyo iwe na wanaume na vijana wa kiume.

La pili, mwaloni. Wavuvi na wachuuzi walio wakristo wazungumze na wenzao wa dini zote na uongozi wa mwalo, ili pawepo sehemu moja ya kuteka maji ambapo pikipiki haioshwi na samaki hawapasuliwi. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji vigingi vichache, kamba, na watu kukubaliana.

La tatu, kwa sadaka ya Kwaresima ya mwaka huu tutanunua ndoo zenye koki na mfuniko kwa ajili ya madarasa ya chekechea na ya katekesi. Aliyejinyima soda au pombe aweke hela ile humo, hata kama ni shilingi 500.

Wajumbe wa kamati za maji waliomo parokiani nawaomba tuonane Jumatano baada ya Njia ya Msalaba, kila mmoja aje na daftari lake la mapato. Mwenye swali kuhusu kipimo cha dawa ya maji amwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wake. Na mwenye ndoo nzima ya ziada nyumbani asingoje mchango wa wengine; ailete ofisi ya parokia kabla ya Alhamisi, ikiwa imeoshwa.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.